"Bunge la Chini" Liko Chini ya Nani?

Zilikuwa siku za mbalamwezi, na mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki kwa taa. Kwa hiyo pale Kibirizi, mwaloni, watu walikuwa na muda. Redio ilikuwa juu ya ndoo iliyofunikwa, na wafanyabiashara wa ng'ambo waliokuwa wakisubiri boti ya kurudi Kalemie na Uvira ndio walioisikiliza kuliko sisi wote, maana habari nyingi za ziwa hili huwa zao. Mtangazaji akasema mswada fulani umepita "bunge la chini" na sasa unasubiri "bunge la juu". Mzee mmoja wa Ujiji akashusha kikombe chake cha kahawa.

"Hilo la chini," akauliza, "liko chini ya nani?"

Mama anayeuza migebuka akasema la chini ni la wabunge ambao bado hawajapanda cheo. Kijana wa bodaboda akamkatalia: hapana, mama, ni kama mahakama, ukishindwa chini unakata rufaa juu. Mkongomani mmoja aliyekalia robota lake la vitenge akacheka bila kusema kitu. Nami nikajitia kimbelembele kueleza, nikagundua katikati ya maneno kwamba jambo hili ni refu kuliko nilivyodhani. Haya ndiyo niliyoyasema siku ile, pamoja na yale niliyopaswa kuyasema.

Kwanza, sisi Watanzania tuna sababu nzuri ya kuchanganyikiwa: kitu chenyewe hatuna. Bunge letu ni moja, linakaa Dodoma, halina la juu wala la chini. Na kuna jina linalozidi kutuvuruga. Zanzibar kuna Baraza la Wawakilishi, na nimewahi kumsikia mtu mzima na akili zake akisema hilo ndilo bunge letu la chini. Silo. Ni chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar kwa mambo yasiyo ya Muungano, kinajitegemea, na miswada ya Dodoma haipiti kwake. Kinachowaunganisha ni kwamba baraza hilo huchagua wajumbe wake 5 wakaingie pia katika Bunge la Muungano. Bahati mbaya Kiswahili kimelipa jina hilohilo bunge la chini la Marekani, basi ukisikia "Baraza la Wawakilishi" redioni, subiri kwanza ujue mtangazaji yuko Unguja au Washington.

Majirani zetu ndio wenye vitu viwili, yaani mabaraza mawili ndani ya Bunge moja. Kongo ina Bunge la Taifa na Seneti. Burundi vilevile. Kenya vilevile, tangu Katiba ya 2010. Katika nchi zote tatu, lile linaloitwa la chini ni Bunge la Taifa.

Sasa, chini ya nini? Neno hili lilizaliwa Uingereza, na lilipozaliwa lilikuwa la kweli kabisa. Wafalme wa huko walipoanza kuita watu wa kushauriana nao, na hasa wa kuwaomba kodi, walikuja mabwana wakubwa wenye ardhi na maaskofu, na walikuja pia wawakilishi wa wilaya na wa miji, watu wa hadhi ya kawaida. Mwaka 1341 hao wa pili walianza kukutana peke yao. Wakubwa wakawa baraza la juu, hawa wengine la chini. Ilikuwa ni habari ya nani anamwamkia nani. Kiswahili kimelielewa jambo hilo vizuri kuliko lugha nyingi, kikaliita baraza lile la London Baraza la Makabwela.

Wamarekani nao, walipokuwa na mji mkuu wao Philadelphia kati ya 1790 na 1800, waliweka wawakilishi ukumbi wa chini na maseneta ghorofani, kwa hiyo kwao kwa miaka ile kumi neno lilikuwa sawasawa na ngazi za nyumba. Waholanzi ndio waliovuruga hesabu zaidi: baraza lao la chini wanaliita Baraza la Pili, na la juu wanaliita la Kwanza, ilhali huko kwenye la pili ndiko serikali inakotikiswa.

Hapo ndipo fumbo lilipo. Cheo kilibaki juu, nguvu ikateremka chini. Ukitaka kujua ilivyoteremka, fuata pesa.

Mwaka 1909 waziri wa fedha wa Uingereza, David Lloyd George, alipeleka bajeti iliyowatoza matajiri na wenye ardhi kodi nzito zaidi, ili kulipia mambo kama pensheni ya wazee. Makabwela wakaipitisha. Ikapanda juu kwa mabwana, ambao ndio hasa wenye ardhi, nao mwezi Novemba wakaikataa. Kulikuwa na mazoea ya muda mrefu kwamba mabwana hawagusi bajeti, wao wakaigusa. Mwaka uliofuata nchi ilienda kwenye uchaguzi mara mbili, na mwaka 1911 ikapita sheria iliyowafunga mikono: mswada wa fedha ukitoka kwa makabwela, mabwana wana mwezi mmoja tu, na wakubali wasikubali utakuwa sheria. Miswada mingine waliachiwa kuichelewesha kwa karibu miaka miwili, na mwaka 1949 muda huo ukapunguzwa ukawa kama mwaka mmoja. Tangu hapo bwana mkubwa wa ghorofani anaweza kusema "subirini kidogo, hamjafikiri vizuri". Hawezi kusema "hapana" ikabaki hapana.

Ni kama katika ukoo. Baba mkubwa anakaa kiti cha mbele, anaanza kunawa, anasikilizwa. Ila ufunguo wa ghala anao mama, na siku ya njaa watu hawaendi kwa mwenye kiti cha mbele.

Ufunguo huo wameugawa hivyohivyo wengi walioiga. India, ambako baraza la chini linaitwa Lok Sabha na lina viti 543 vya kuchaguliwa, mswada wa fedha huanzia huko tu, na la juu lina siku 14 za kutoa maoni ambayo la chini linaweza kuyatupa. Kenya tuliliona jambo hili kwa macho. Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliowatoa vijana mitaani, ulipigiwa kura tarehe 25 Juni katika Bunge la Taifa, 195 wakiunga mkono na 106 wakipinga. Siku ileile waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge. Watu wengi huku kwetu waliuliza: mbona Seneti haijasema kitu? Haikuwa na la kusema. Mswada wa fedha Kenya hauendi Seneti kabisa. Ukitoka Bunge la Taifa unaenda kwa Rais. Na ni Rais aliyekataa kuutia sahihi, kesho yake.

Kwa nini ufunguo wapewe hao na si wengine? Kwa sababu ya namna walivyoingia. Mbunge wa chini, karibu kila mahali, amepigiwa kura na mtu wa kawaida moja kwa moja, na viti vyake vimegawanywa kwa kufuata wingi wa watu. Penye watu wengi pana viti vingi. Wa juu huingia kwa mlango mwingine. Kongo wabunge wa taifa ni 500 na huchaguliwa na wananchi. Maseneta wa kuchaguliwa ni 108, na wanaowachagua ni mabunge ya majimbo, kila jimbo likitoa 4 na Kinshasa 8. Marekani ina wawakilishi 435 kwa hesabu ya watu, na maseneta 100, wawiliwawili kila jimbo, liwe na watu milioni arobaini au laki sita. Kenya wabunge ni 349, bila Spika: 290 wa majimbo ya uchaguzi, wanawake 47 wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Maseneta ni 67. London makabwela 650 wanachaguliwa, mabwana hawachaguliwi na wananchi hata mmoja.

Ukielewa hapo, hoja ya kodi inaeleweka yenyewe: anayekukata kodi awe yule unayeweza kumng'oa.

Burundi wana lao la pekee, na nalitaja kwa sababu lina mkono wetu. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, wa kumaliza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ambao Mwalimu Nyerere aliusimamia hadi alipofariki na Nelson Mandela akaumalizia, Katiba yao iliweka kwamba Bunge la Taifa liwe na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasipungue asilimia 30, na Watwa wapewe viti 3. Kura zisipotoa hesabu hiyo, watu huongezwa mpaka itimie. Seneti yao kwa upande wake ni nusu kwa nusu. Maana yake bunge la chini limeegemea wingi wa watu, la juu limeegemea kuogopana. Sisemi hivyo kwa kejeli. Sisi wa Kigoma tuliopokea wakimbizi wa vita ile tunajua kwa nini waliogopana.

Kitu cha pili kinacholipa bunge la chini nguvu, katika nchi nyingi, ni kwamba linaweza kuiangusha serikali. Hapa yule Mkongomani mwenye vitenge aliacha kucheka, akaanza kusaidia kueleza, maana mambo haya kwao ni ya juzi.

Kinshasa, waziri mkuu akishateuliwa na Rais bado hajawa kitu. Lazima aende mbele ya Bunge la Taifa na orodha ya mawaziri wake na mpango wa kazi, apate kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote. Judith Suminwa Tuluka, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, aliteuliwa tarehe 1 Aprili 2024, na kura hiyo akaipata Juni. Seneti haikuulizwa. Na kama bunge lilivyo na mlango wa kumwingizia, lina mlango wa kumtolea. Mwishoni mwa 2020 ushirika kati ya kambi ya Rais Tshisekedi na ile ya mtangulizi wake Kabila ulivunjika, wabunge wengi wakahama upande. Tarehe 10 Desemba wakamwondoa kwanza Spika wao, Jeanine Mabunda, kwa kura 281 dhidi ya 200. Kisha tarehe 27 Januari 2021 wakapiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Ilunga Ilunkamba. Zilihitajika kura 251. Zikapatikana 367. Siku mbili baadaye akajiuzulu.

Angalia mpangilio ule: Spika kwanza, Waziri Mkuu baadaye. Anayetaka kuchukua nyumba huanza na mwenye kushika ratiba, kwa sababu hoja isiyopangiwa siku haipigiwi kura.

Wakati mwingine kura zinazotosha ni moja. Tarehe 17 Aprili 1999 Waziri Mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, alisimama mbele ya Lok Sabha baada ya chama kimoja kujitoa katika muungano wake. Waliomtaka walikuwa 269. Wasiomtaka 270. Serikali ya nchi yenye watu karibu bilioni moja ikadondoka kwa mtu mmoja. Miaka ishirini kabla ya hapo, Machi 1979, James Callaghan alikuwa ameangushwa London vivyo hivyo, 311 kwa 310, na uchaguzi uliofuata ukamleta Margaret Thatcher. Mzee wa Ujiji alipenda sana habari hii. Akataka kujua kama kuna mbunge aliyechelewa kwa sababu ya choo.

Kazi ya kila siku, hata hivyo, haina tamthilia hiyo. Naieleza kwa kutumia Dodoma, kwa sababu ndiko tunakokuona kwenye televisheni, na kwa sehemu kubwa desturi zetu ni zile zilizotoka kwa makabwela wa London zikavaa kanzu. Asubuhi ni maswali: mbunge anauliza barabara, waziri anajibu kutoka kwenye karatasi, mbunge anapewa swali la nyongeza, na hilo la nyongeza ndilo lenye ladha kwa sababu karatasi imeisha. Mswada ukiletwa, mara ya kwanza husomwa jina tu. Hapo watu hudhani limekwisha, kumbe ndiyo kwanza safari inaanza: unakwenda kwenye kamati, na kamatini ndiko kazi halisi ilipo. Huko wadau huitwa, neno "anaweza" hubadilishwa kuwa "atatakiwa", na neno moja kama hilo linaweza kuwa tofauti kati ya leseni ya mvuvi kupatikana au kunyimwa. Ukirudi ukumbini husomwa mara ya pili, watu wanajadili. Kisha Bunge zima linageuka kuwa kamati, Spika anaitwa Mwenyekiti, wanapitia kifungu kwa kifungu. Mara ya tatu ni kura ya kumaliza. Wanaoafiki waseme ndiyo.

Na bajeti ina mchezo wake, ambao kwangu ndio mtamu kuliko yote: kushika shilingi. Wakati wa kupitisha fedha za wizara, wakifika kwenye mshahara wa waziri, mbunge asiyeridhika husimama akasema asipopata maelezo atatoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara huo. Shilingi moja! Hainunui hata kiberiti. Lakini ikiondolewa ni aibu mbele ya nchi, ni kusema hatuna imani na kazi yako. Kwa kawaida waziri anaahidi, wenzake wa chama wanamtetea, na mbunge anarudisha shilingi. Mama wa migebuka alisema hiyo shilingi imerudishwa mara nyingi mno. Muda nao ukiisha kabla ya vifungu kuisha, wanaingia kwenye kile wanachokiita gilotini: mafungu yaliyobaki yanapitishwa mfululizo bila maelezo, mabilioni kwa mabilioni.

Kigoma tumeshawahi kuwa karibu na kisu kikubwa zaidi ya shilingi. Katiba yetu inaruhusu kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, mradi hoja iwe na sahihi za asilimia 20 ya wabunge. Aprili 2012 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alizunguka kukusanya sahihi hizo. Hoja haikufika kupigiwa kura. Mwanzoni mwa Mei Rais Kikwete alibadilisha baraza la mawaziri, kadhaa wakaachwa nje. Na Februari 2008, chini ya Spika Samuel Sitta wa Urambo, huko Tabora kwa jirani zetu, taarifa ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu kabla hata kura haijapigwa. Bunge moja linaweza, likitaka.

Nisiwadanganye lakini kwamba la juu ni pambo kila mahali. Marekani Seneti ndiyo inayothibitisha majaji na mawaziri, na mswada usiopita huko umekufa, uwe umetoka chini kwa shangwe namna gani. Pia kuna mgawanyo wa kale ambao kijana wa bodaboda, kwa wazo lake la mahakama, alikuwa ameukaribia: la chini linashtaki, la juu linahukumu. Oktoba 2024, Naibu Rais wa Kenya, Rigathi Gachagua, alishtakiwa na Bunge la Taifa kwa kura 281 dhidi ya 44. Siku hiyo alikuwa bado ni Naibu Rais. Mashtaka 11 yakapelekwa Seneti, ikasikiliza mawakili wa pande zote, na tarehe 17 ikamtia hatiani kwa 5. Hapo ndipo kazi ilipomtoka.

Na wakigombana wenyewe kwa wenyewe? Kongo wana dawa iliyoandikwa. Mswada wa kawaida ukipita chini kwa sura moja na juu kwa sura nyingine, inaundwa kamati ya pamoja yenye wajumbe sawa kutoka kila upande watafute maneno mamoja. Wakishindwa, neno la mwisho ni la Bunge la Taifa. La chini.

Sisi tusio na ghorofa, breki yetu imewekwa kwingine. Mswada ukitoka Dodoma unakwenda kwa Rais, ambaye kwa Katiba yetu ni sehemu ya Bunge ingawa si mbunge. Anaweza kuurudisha na sababu zake. Wabunge wakiupitisha tena kwa theluthi mbili unarudi kwake, na hapo Katiba inampa njia mbili: atie sahihi, au alivunje Bunge. Njia hiyo ya pili inamhusu kila mbunge mwenye deni la kampeni.

Boti ya Kalemie ilipoanza kupakia, Mkongomani alisimama akafunga robota lake. Akatuachia jambo moja ambalo sikulijua vizuri. Kwetu waziri sharti awe mbunge, anakalia viti viwili. Kwao ni marufuku: mbunge akiteuliwa waziri anatoka bungeni, na kiti kinakaliwa na mbadala wake, ambaye jina lake lilikuwa naye kwenye uchaguzi tangu mwanzo.

"Mimi nilimpigia kura mtu ninayemjua," akasema akipandisha mzigo begani. "Akapewa uwaziri. Sasa kule bungeni anaongea mwingine, hata sura yake sijaizoea."

"Na huyo wa kwanza," mzee akauliza, "akifukuzwa uwaziri?"

"Anarudi kwenye kiti chake."

"Na mbadala?"

Mkongomani alikuwa ameshaingia majini hadi magotini. "Huyo," akaitikia kutoka kule, "ndiye aliye chini kweli."